Safari ya wawili nchini China kwa siku 16: kipi kibaki, kipi kiondolewe

Swali: Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 30 ya ndoa, na tumeamua kwenda kutembea China kwa siku 16 kuanzia tarehe 28 Septemba. Orodha yetu ni Beijing, Xi'an, Lhasa, Chengdu, Zhangjiajie, Guilin, mashamba ya mpunga ya Longji, Shanghai, na mwisho Guangzhou, ambako mpwa wetu anafanya biashara. Mume wangu ana miaka 61 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Mimi goti la kulia linanisumbua kwenye ngazi. Sisi ni Waislamu. Mpwa wetu anasema tubebe fedha taslimu tu, na kwamba tukienda Lhasa kwa treni badala ya ndege mwili utauzoea mwinuko wenyewe. Wakala mmoja hapa Dar es Salaam ametupa bei ya safari ya kikundi iliyo nafuu mno, hata tumeanza kuitilia shaka. Je, tujiunge na kikundi au twende wenyewe? Tutaweza kulipa, kula na kuwasiliana? Hatujui hata neno moja la Kichina.

Jibu:

Dada yangu, hongera wewe na shemeji kwa kufikisha miaka 30. Umeuliza mengi, lakini nadhani wasiwasi wenu ni mmoja: kama watu wawili wa umri wenu, wasiojua lugha, wanaweza kuizunguka nchi kubwa namna ile bila kudanganywa, kuugua au kukwama njiani. Mnaweza, tena bila kikundi, ila si kwa orodha hiyo na si kwa tarehe hizo. Lugha mnayoihofia ndiyo nyepesi kuliko yote, kwa kuwa simu itawatafsiria maandishi na maneno. Mambo mawili yanayoamua jinsi safari ya China itakavyokwenda ni pasipoti zenu na kalenda ya wenyeji, nanyi hamkuyagusa kabisa.

Tuanze na orodha. China ina ukubwa unaokaribia mara kumi ya Tanzania, na nyinyi mmepanga vituo tisa kwa siku 16. Treni za mwendokasi za huko ni za ajabu kweli: kutoka Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, na treni iliyo ya haraka zaidi huzimaliza kwa takriban saa nne na nusu. Watu wengi husoma takwimu kama hizo wakadhani umbali umekwisha. Hawahesabu kufungasha mizigo, kuondoka hotelini, kufika kituo kilicho pembezoni mwa mji, kupitisha mizigo kwenye mashine ya ukaguzi, kusubiri, kusafiri, kisha kuitafuta hoteli mpya upande wa pili. Kila uhamisho hula nusu siku kwa uchache, na wa mbali hula siku nzima. Kwa vituo tisa mtakuwa mmetumia karibu nusu ya likizo yenu mkiburuta masanduku, na goti lako litakuwa la kwanza kulalamika.

Cha kwanza kuondoa ni Lhasa, na hapa sina budi kueleza kwa kirefu kwa sababu ushauri wa mpwa wenu ni wa hatari ijapokuwa umetolewa kwa nia njema. Lhasa, mji mkuu wa Tibet, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 3,650. Huo ni karibu sawa na kibanda cha Horombo pale Kilimanjaro, ambacho kiko mita 3,720, na kila aliyewahi kupanda mlima ule anajua kwamba Horombo hakufikiwi kwa siku moja kutoka pwani. Watu hulala kwanza Mandara, kwenye mita 2,700. Kiwango cha oksijeni katika hewa ya juu ni asilimia 21 vilevile kama Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, ambao kule Lhasa ni takriban theluthi mbili ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi mapafuni. Mwili hujibu kwa kuhema haraka, moyo huongeza mapigo, mishipa mingine hukaza, na kwa watu wengi shinikizo la damu hupanda katika siku za mwanzo. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza kwa kawaida saa kadhaa baada ya kufika, mara nyingi usiku wa kwanza, na havichagui: kijana mwenye afya anaweza kulazwa huku mzee akinywa chai.

Sasa treni. Reli ya kwenda Lhasa ilianza kupokea abiria mwezi Julai 2006, na kutoka mji wa Xining, ulio njiani, safari huchukua zaidi ya saa 20. Ni kweli kwamba mabehewa yake huongezewa oksijeni na yana matundu ya kupumulia. Lakini mwili huuzoea mwinuko kwa siku kadhaa za kukaa na kulala mahali palipoinuka kiasi, na usiku mmoja ndani ya behewa lililoongezewa oksijeni haufanyi kazi hiyo. Isitoshe, treni hiyo hukatiza Tanggula, mahali palipo juu ya mita 5,000, yaani juu kuliko kibanda cha Kibo, ndipo iteremke kuelekea Lhasa. Njia ya busara kwa anayetaka kwenda kweli ni kulala Xining siku mbili au tatu, kwenye mita 2,200 na ushei, kisha kuendelea, na siku hizo hamna. Juu ya hayo, mgeni haruhusiwi kuzunguka Tibet peke yake: sharti apate kibali maalumu kupitia kampuni ya utalii na aandamane na mwongozaji. Sisemi kwamba mwenye shinikizo la damu hawezi kabisa kufika Lhasa. Wapo wanaokwenda shinikizo lao likiwa limedhibitiwa vizuri na daktari wao akiwa amekubali. Ninachosema ni kwamba hiyo ni safari ya peke yake, si kituo cha siku mbili kati ya Xi'an na Chengdu.

Kuhusu kalenda, tarehe mliyoichagua ndiyo mbaya kuliko zote katika mwaka, pengine ukiacha Mwaka Mpya wa Kichina. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Taifa, na wiki inayoifuata ni likizo ya nchi nzima ambamo watu hufanya mamia ya mamilioni ya safari kwa pamoja. Bei za hoteli hupanda sana mahali penye vivutio, tiketi za treni katika njia zinazopendwa huisha dakika chache baada ya kufunguliwa, na juu ya Ukuta Mkuu mtu husukumwa na umati bila kuchagua mwendo wake. Mkifika tarehe 28 Septemba mtakuwa na siku mbili za utulivu, kisha wimbi litawakumba mkiwa katikati ya nchi.

Kuna njia mbili za kulikwepa. Ya kwanza ni kwenda mapema, mwanzoni mwa Septemba, na kuwa mmeondoka kabla ya tarehe 28. Faida yake ni kwamba mpunga wa Longji huwa unaanza kuwa wa dhahabu. Hasara yake ni joto kali la Guilin, ambalo bado hufikia nyuzi 30 na zaidi, pamoja na Sikukuu ya Katikati ya Vuli, ambayo hufuata mwezi mwandamo na mara nyingi huangukia Septemba. Ya pili ni kuanza tarehe 10 Oktoba au baada ya hapo. Beijing wakati huo ina anga safi na ubaridi unaohitaji sweta asubuhi, Guilin hupata mvua chache na maua madogo ya osmanthasi huujaza mji harufu tamu, na wenyeji wamerudi kazini. Mtakachopoteza ni mpunga, kwa sababu wakati huo sehemu kubwa ya mashamba huwa imevunwa au inavunwa. Mimi ningechagua Oktoba bila kusita. Matuta yaliyovunwa bado yana umbo lake, na goti lako litashukuru kwa kutopanda ngazi katika joto la Septemba.

Katika orodha yenu ningebakiza hivi: Beijing usiku nne, Xi'an usiku tatu, Longji usiku mbili, mji wa Guilin usiku mmoja, Yangshuo (mji mdogo jirani na Guilin, ambao nimeuongeza mimi) usiku tatu, na Guangzhou kwa mpwa wenu usiku mbili. Nunueni tiketi ya ndege inayoingilia Beijing na kutokea Guangzhou, ili msirudi kaskazini bure. Ethiopian Airlines, kwa mfano, huruka kwenda miji yote miwili kupitia Addis Ababa. Shanghai ni mji wa kupendeza, lakini mandhari yake ya maghorofa hayalingani na shauku ya mashambani niliyoisoma katika orodha yenu, na Guangzhou itawapa jiji la kutosha. Chengdu na panda wake ni chaguo zuri kwa wanaoishia Xi'an, maana treni kati ya miji hiyo miwili huchukua takriban saa nne; lakini ukiuingiza hapa, Yangshuo itabaki na usiku mmoja, na hilo ni kosa. Zhangjiajie ina milima ya mawe iliyosimama kama nguzo na daraja la kioo lililofunguliwa mwaka 2016. Ina ngazi vilevile, nyingi mno, pamoja na foleni, kwa hiyo nimeiondoa kwa ajili yako.

Kule Beijing, Kasri la Kifalme hufungwa Jumatatu isipokuwa siku za sikukuu, na wageni wengi hugundua hilo wakiwa mlangoni. Lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle, na ni mfalme huyohuyo aliyepokea twiga aliyeletwa na wajumbe wa Malindi mwaka 1415. Nalitaja hilo ili mnapopita katika nyua zile mjue kwamba watu wa pwani yetu si wageni wapya huko. Kutoka lango la kusini hadi la kaskazini ni karibu kilomita moja, na mwendo ni wa upande mmoja, kwa hiyo anzeni asubuhi na mpumzike mara kwa mara. Ukuta Mkuu muutembelee upande wa Mutianyu, takriban kilomita 70 kutoka katikati ya mji, ambako kuna gari la kebo. Hapo nakuomba jambo moja: panda kwa kebo na ushuke kwa kebo. Watu wengi wenye magoti mabovu hupanda kwa kebo na kushuka kwa miguu wakidhani kuteremka ni rahisi, ilhali mzigo unaolikandamiza goti huwa mkubwa zaidi wakati wa kuteremka, hasa kwenye vidato visivyolingana kimo kama vya ukuta ule.

Xi'an ina askari wa udongo waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwezi Machi 1974, zaidi ya kilomita 30 mashariki ya mji. Wamo katika mashimo matatu; la kwanza ndilo kubwa, na ni heri kuanza na la tatu na la pili ili kumaliza na hilo. Ukuta wa mji wenyewe una mzunguko wa karibu kilomita 14 na juu yake hukodishwa baiskeli, zikiwamo za watu wawili, jambo ambalo kwa maadhimisho ya ndoa ningelifanya hata kama ni kwa nusu saa. Kutoka Xi'an kwenda Guilin pandeni ndege ya saa mbili na kitu. Reli ipo, lakini italimeza lisaa baada ya lisaa la siku yenu.

Longji ndiko mahali ambapo maelezo ya mitandaoni huwapotosha watu. Matuta yale yamechongwa na Wazhuang na Wayao tangu enzi ya ukoo wa Yuan, na siri yake ni maji: msitu ulioachwa juu ya kilele huyashika maji ya mvua na kuyaachia polepole, nayo huteremka kwa mifereji na mabomba ya mianzi kutoka tuta hadi tuta. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliyatambua, pamoja na matuta mengine ya kusini mwa China, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Vijiji viko kwenye miteremko, magari huishia chini, na nyumba za wageni hufikiwa kwa ngazi za mawe. Chagueni kijiji cha Dazhai, chenye gari la kebo hadi kileleni, na mwombe nyumba iliyo karibu na lango au karibu na kebo. Wanawake wa kijijini hubeba mizigo ya wageni kwa vikapu vya mgongoni kwa malipo. Patana bei kabla, na usione haya kuwaajiri, maana ndiyo kazi yao.

Kutoka Guilin chombo hushuka Mto Li kwa takriban saa nne hadi Yangshuo, kikipita kati ya vilima vya chokaa vilivyoumbwa na maji ya mvua yenye asidi hafifu, yaliyoyayeyusha mawe kwa mamilioni ya miaka. Mandhari iliyochapishwa nyuma ya noti ya yuan 20 iko hapo, karibu na mji mdogo wa Xingping. Yangshuo yenyewe ina mtaa wenye kelele nyingi usiku, basi laleni nje ya mji, kando ya mto Yulong, ambako barabara ni tambarare na baiskeli ya umeme inatosha. Siku tatu hapo ndizo nitakazozitetea kuliko nyingine zote katika ratiba hii.

Sasa pasipoti. Nchini China karibu kila tiketi hutolewa kwa jina halisi na namba ya kitambulisho cha mtu: treni, Kasri la Kifalme, uwanja wa Tiananmen, majumba mengi ya makumbusho, hata laini ya simu. Tiketi ya treni haina karatasi. Pasipoti yenyewe ndiyo tiketi, nanyi mtapita kwenye lango lenye mhudumu au mashine inayosoma pasipoti. Kwa hiyo jina mnaloandika wakati wa kununua lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye pasipoti, na sisi wenye majina matatu hukosea hapo mara kwa mara kwa kuandika mawili. Ikiwa pasipoti ya mmoja wenu inakaribia kuisha, ibadilisheni kabla ya kununua chochote, kwa sababu namba ikibadilika tiketi zote zitakuwa za mtu asiyekuwapo. Treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na Kasri la Kifalme siku 7 kabla, saa mbili usiku za Beijing, yaani saa tisa alasiri kwetu. Programu rasmi ya reli, 12306, ina sehemu ya Kiingereza; Trip.com, tovuti ya kuuza tiketi, ni rahisi zaidi ingawa kwa baadhi ya huduma hutoza ada. Hoteli zitawaandikisha polisi zenyewe, lakini mkilala nyumbani kwa mpwa wenu Guangzhou, sharti mwandikishwe katika kituo cha polisi cha eneo lake ndani ya saa 24. Huenda amekaa miaka mingi bila kulitilia maanani kwa wageni wake, nyinyi litilieni.

Kuhusu kikundi, shaka yenu ina msingi. Bei inayokaribia kuwa ndogo kuliko nauli na hoteli zikijumlishwa haitokani na ukarimu. Katika biashara hiyo mwenyeji wa kikundi hupokea wageni kwa hasara, kisha hujilipa kwa kamisheni ya maduka anayowapeleka: jade, hariri, chai, magodoro, dawa za asili. Ndiyo maana asubuhi ya Ukuta Mkuu huwa na saa moja ukutani na saa mbili kiwandani. Sheria ya Utalii ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013 inakataza jambo hilo katika kifungu cha 35, na humruhusu msafiri kudai, ndani ya siku 30 baada ya safari, kampuni imsaidie kurudisha bidhaa. Lakini kudai ukiwa Dar es Salaam ni kazi nyingine. Mwombeni wakala awape kwa maandishi majina ya hoteli, orodha ya maduka yote katika ratiba, na kiingilio gani kimelipwa. Akisitasita, jibu mmelipata. Kikundi kizuri kipo, hakiwi rahisi, na kinamfaa mtu asiyetaka kabisa kushughulika na simu. Kwenu nyinyi naona njia ya katikati ndiyo bora: safirini wenyewe, kisha mkodi mwongozaji mwenye leseni kwa siku moja Beijing na siku moja Xi'an.

Mpwa wenu hakukosea kabisa kuhusu fedha taslimu. Ni fedha halali, na Benki Kuu ya China inawakataza wafanyabiashara kuikataa. Tatizo ni chenji. Muuza matunda ambaye kwa wiki nzima hajashika noti hatakuwa na cha kukurudishia, na noti kubwa kuliko zote ni ya yuan 100. Wachina hulipa kwa Alipay na WeChat, na kwa mtu aliyezoea M-Pesa mantiki haina ugeni, isipokuwa badala ya kuandika namba unapiga picha msimbo wa QR. Programu hizo sasa hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 3. Ziandaeni mkiwa nyumbani, kwa sababu uthibitisho huja kwa ujumbe kwenye laini yenu na benki huweza kuizuia kadi ikiona jaribio kutoka China. Iarifuni benki, mwe na kadi mbili za benki tofauti, na kila mmoja aweke programu kwenye simu yake, ili simu moja ikizima msibaki mmesimama. Kadi pepe za kampuni za simu nyingine hukubaliwa na nyingine hukataliwa, kwa hiyo zijaribuni mapema. Pamoja na hayo bebeni yuan elfu moja au mbili taslimu, nyingi zikiwa noti ndogo, kwa ajili ya Longji.

WhatsApp, Google, Facebook na YouTube zimezuiwa katika mitandao ya China, ukiwamo mtandao wa hoteli. Laini ya nje inayotumika kwa huduma ya kimataifa huwa haizuiwi, kwa kuwa data yake hupelekwa kwanza kwenye mtandao wa nchi ilikotoka ndipo iingie intaneti. Kwa hiyo laini yenu ya nyumbani yenye kifurushi cha nje, au eSIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa kwenye simu) ya wasafiri iliyonunuliwa kabla ya kuondoka, itawaruhusu kuwapigia watoto kila jioni. Ramani za Google msizitegemee, maana huko huonyesha mahali pakiwa pamesogea kwa mamia ya mita; tumieni Amap, programu ya ramani ya Wachina. Pakueni pia lugha ya Kichina katika programu ya tafsiri ili ifanye kazi bila mtandao. Na kama mnabeba betri ya akiba, hakikisheni ina alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, kwa sababu tangu tarehe 28 Juni 2025 zisizo na alama hiyo haziruhusiwi katika ndege za ndani.

Chakula cha halali ni rahisi mjini na kigumu mashambani. Beijing ina mtaa wa Niujie, wenye msikiti ulioasisiwa mwaka 996 na mikahawa ya Wahui, Waislamu wa Kichina, pande zote. Xi'an ina mtaa mzima wa Waislamu, supu ya kondoo inayoliwa na mkate uliomegwa vipande vidogo, na Msikiti Mkuu wa mbao na bustani ambao wasio Waislamu huishia nje ya ukumbi wa swala, nanyi mtaingia. Katika miji karibu yote yapo maduka ya tambi za Lanzhou yenye maandishi ya Kiarabu mlangoni. Yangshuo na Longji hali hubadilika. Samaki maarufu wa Yangshuo hupikwa kwa bia, tambi za mchele za Guilin mara nyingi huwa na mchuzi wa mifupa ya nguruwe, wali wa kwenye mianzi huweza kuchanganywa na nyama yake, na hata mboga hukaangwa kwa mafuta yake. Mwombeni mtu anayejua Kichina awaandikie kadi isemayo kwamba hamli nguruwe, mafuta yake wala pombe ndani ya chakula, na kwamba mnaomba mafuta ya mimea. Mayai kwa nyanya, tofu na wali mweupe vitawasitiri siku hizo tano.

Hukuuliza watawapokeaje, lakini najua linawasumbua wengi. Mashambani na hata Xi'an mtatazamwa sana, na baadhi ya watu wataomba kupiga picha nanyi au watapiga bila kuomba. Mara nyingi ni udadisi tu, na mnaweza kukataa kwa kutikisa kichwa. Yaliyowapata Waafrika wa Guangzhou mwezi Aprili 2020, wakati wa Uviko, walipofukuzwa majumbani na hotelini, yalikuwa ya kweli na ya kuumiza, na sitayafunika. Maisha ya mkazi na ya mtalii wa wiki mbili hayafanani, hata hivyo, na wanandoa wa umri wenu kwa kawaida huheshimiwa. Jihadharini zaidi na vijana wachangamfu wanaozungumza Kiingereza karibu na vivutio vya Beijing na kuwaalika kunywa chai, kwani bili ya chai hiyo huja kubwa ajabu.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Shemeji amwone daktari wake wiki sita hadi nane kabla ya safari, apimwe, na aulize jinsi ya kupanga saa za dawa kwa tofauti ya saa tano mbele. Abebe dawa za kutosha safari nzima na wiki moja ya ziada, ndani ya mkoba wa mkononi, katika pakiti zake halisi, pamoja na barua yenye majina ya kitaalamu ya dawa. Wewe mwone mtaalamu wa viungo kuhusu goti, si kwa ajili ya tembe za maumivu tu, bali kwa mazoezi ya misuli ya paja, ambayo huhitaji wiki kadhaa ndipo yafae. Mkiwa huko, maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kichwa kuuma ghafla kwa ukali si vya kusubiri kurudi hotelini: gari la wagonjwa huitwa kwa namba 120. Hospitali huko mara nyingi hudai amana kabla ya matibabu, kwa hiyo nunueni bima inayotamka wazi kwamba inagharamia maradhi mliyokuwa nayo tangu awali.

Visa mtakayoomba ni ya aina ya L, yaani ya utalii, na ubalozi utataka kuona tiketi na hoteli, basi wekeni hoteli zinazoruhusu kufuta bila malipo. Bebeni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na kama mpwa wenu atawashawishi kuvuka kwenda Hong Kong kwa siku moja, kumbukeni kwamba kuingia Hong Kong huhesabiwa kuwa mmetoka China bara. Bila visa ya kuingia mara mbili hamtaweza kurudi Guangzhou kuipanda ndege yenu.